Kibarua na Mlima wa Ngano

Neno kibarua, kama wajuavyo wasomaji wa lugha hii, lilikuwa jina la karatasi kabla ya kuwa jina la mtu. Ni barua ndogo, cheti alichopewa mfanya kazi wa kutwa ili jioni akionyeshe na kulipwa ijara yake. Baadaye karatasi ilimpa mwenye kuishika jina lake, naye akaitwa kibarua. Kisha kazi yenyewe ikaitwa hivyo, hata leo mtu aliyefukuzwa kazini husemwa kuwa kibarua chake kimeota nyasi. Katika neno hilo moja yamo mapatano mafupi kuliko yote yanayoweza kufanywa baina ya mwenye mali na mwenye mikono: kutwa moja, cheti kimoja, malipo mamoja, na kesho haimo.

Babu yangu mzaa mama alikuwa kibarua katika bandari ya Kilindini, Mombasa, katika miaka ya 1950. Kazi yake ilikuwa magunia. Gunia la mahindi lilikuwa na uzito wa ratili 200, naye alilitoa behewani, akaliweka wavuni, na winchi ikaliinua mpaka tumboni mwa meli. Aliponisimulia habari za siku zile alikuwa mzee sana, na jambo moja katika masimulizi yake nililihesabu kwa muda mrefu kuwa ungamo la uvivu. Alisema kuwa meli inapokaribia kujaa, yakiwa yamebaki magunia machache, miguu ya watu wote huwa mizito. Hapana aliyetoa amri, wala hapana aliyenong'ona. Serangi akipiga kelele mwendo huongezeka kitambo, kisha hurudi ulivyokuwa. Nilimwuliza sababu. Akanijibu, "Meli ikijaa, mjukuu wangu, ilikuwa inaondoka na chakula chetu."

Nataka kueleza hapa jinsi maneno hayo yalivyonisaidia kufahamu ugomvi wa maghala ya nafaka ya mto Columbia, Marekani. Ugomvi huo niliushuhudia kwa macho nilipokuwa mwanafunzi katika mji wa Portland, jimbo la Oregon, baina ya 2012 na 2014, na mwanzoni niliuelewa kinyume.

Mto Columbia huingia katika Bahari ya Pasifiki ukiwa mpana na wenye kina, na meli kubwa hupanda karibu maili 100 mpaka Portland. Kando yake iko miji ya Longview, Kalama na Vancouver (si Vancouver ya Kanada, hii ni ya jimbo la Washington, nayo hutazamana na Portland ng'ambo ya mto). Katika miji hiyo yamesimama maghala marefu ya zege, meupe, yasiyo na madirisha, ambayo mgeni atokaye kwetu huweza kudhani ni ngome. Karibu nusu ya ngano yote ambayo Marekani huiuza nchi za nje hupitia pwani hiyo ya kaskazini-magharibi. Huja kwa garimoshi lenye mabehewa zaidi ya 100 kutoka Montana na Dakota, na huja kwa matishari yanayoshuka kutoka Lewiston, Idaho, yakipita katika malango ya maji ya mto Snake. Kutoka hapo huenda Japani, Korea, Ufilipino na kwingineko.

Kazi yenyewe ni rahisi kuielezea. Behewa husimama juu ya shimo, milango ya chini hufunguliwa, na ngano humwagika. Mkanda huichukua, mizani huipima, ghala huihifadhi kwa daraja lake. Meli ikifika, ngano za madaraja mbalimbali huchanganywa kama mnunuzi alivyoagiza, kisha hupanda kwa mkanda mwingine na kumiminwa kwa bomba katika tumbo la meli. Mtambo mzuri huweza kumimina tani 1,000 kwa saa moja, na mingine hupita hapo. Babu na wenzake wangehitaji kuchukua magunia elfu kumi na moja kwa saa ili kufikia kiasi hicho. Wanaoendesha mtambo huu ni wachache: mmoja yuko mbele ya vioo vya kuongozea mikanda, wengine wako shimoni kwenye mabehewa, wengine juu ya meli wakisogeza mabomba ili mzigo usiegemee upande mmoja, na mafundi wa kutengeneza kinachoharibika. Ghala moja la Vancouver, ambalo nitalitaja tena, lilikuwa na makuli wapatao 40 tu. Watu 40, na mlima wa ngano.

Hapa pana kitu ambacho asiyekijua hatahukumu sawasawa kanuni za kazi katika maghala hayo, nacho ni vumbi. Vumbi la ngano likitanda hewani ndani ya ghala huwaka kama baruti. Tarehe 22 Desemba 1977 ghala la Westwego, karibu na New Orleans, lililipuka, watu 36 wakafa. Miaka 10 baadaye serikali ya Marekani ilitoa sheria ya usalama wa maghala, na moja ya amri zake ni kwamba vumbi lisiachwe lirundikane sakafuni. Mtu anayesimamisha mkanda ili afagie hana anachopakia kwa wakati huo. Katika daftari la hesabu huonekana mvivu.

Mimi nilikuwa mtu wa daftari. Katika mwaka wangu wa kwanza tuliagizwa kuandika insha juu ya gharama za usafirishaji, nami nikachagua maghala ya mto. Nilichukua meli ya tani 60,000, nikaigawanya kwa mwendo wa mtambo, nikapata saa 60, yaani siku mbili na nusu. Kisha nikatafuta kila kanuni iliyozuia mtambo kwenda mfululizo: idadi ya watu wanaotakiwa kuwapo, mipaka ya kazi ya huyu na yule, kubadilishana zamu, mapumziko, malipo ya mtu anayesubiri. Kila moja niliigeuza kuwa dakika, na dakika nikazigeuza kuwa dola, nikiongeza ile ada ya kukawiza meli ambayo watu wa bandari huiita demareji. Nikahitimisha kwa ujasiri wa ujana kwamba mapatano ya kazi ni kodi inayotozwa juu ya kila punje. Mwalimu wangu alinipa alama nzuri.

Nilimpigia Babu simu Mombasa, nikamweleza hayo kwa majisifu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hao watu wakimaliza meli, kesho wana kazi?" Nikasema sikulichunguza jambo hilo. "Basi, baba, bado hujaandika kitu."

Nilikasirika, nikaenda maktaba ili kumshinda mzee. Niliyoyakuta huko hayakunisaidia kumshinda.

Kabla ya 1934 makuli wa pwani ya magharibi ya Marekani walikuwa vibarua kama Babu. Alfajiri walisimama karibu na gati, msimamizi akatembea mbele yao na kuchagua: huyu, yule, huyu. Aliyekuwa na rafiki au kilicho mfukoni alichaguliwa, na aliyelalamika jana leo hakuonekana. Tarehe 9 Mei 1934 waligoma katika bandari zote za pwani hiyo. Tarehe 5 Julai watu wawili waliuawa na polisi San Francisco, na siku hiyo hukumbukwa na makuli wa huko mpaka leo. Mwezi wa Oktoba waamuzi walioteuliwa na serikali walitoa hukumu yao, na jambo kubwa katika hukumu hiyo lilikuwa ukumbi wa kugawia kazi: waajiri na chama wausimamie pamoja, ila mgawaji achaguliwe na chama. Desturi iliyokua humo ilikuwa kwamba mwenye saa chache kuliko wenzake hutangulia kupewa kazi. Mtu hakuhitaji tena kumkonyeza msimamizi.

Je, kazi ilikwenda upesi zaidi? La, na hapa waajiri walikuwa na haki ya kulalamika. Makuli waliotoka katika hofu walitumia nguvu zao mpya kujizungushia boma la kanuni. Waliweka mpaka wa uzito wa mzigo unaoweza kuinuliwa kwa mara moja. Palikuwa na shehena iliyolazimika kushushwa na kuinuliwa tena bila faida ili mikono ipate kazi, na palikuwa na magenge ambamo watu wanne walifanya kazi na wanne wakapumzika, kwa zamu, mpaka jua kuchwa. Mwanauchumi hucheka akisoma hayo. Mimi sikuweza kucheka, maana niliiona miguu mizito ya Babu. Walichokuwa wakikilinda ni siku ya kesho, na hawakuwa na njia nyingine ya kuilinda ila kuirefusha leo.

Ndipo yalipokuja mapatano ya Oktoba 1960, ambayo kwa maoni yangu yastahili kusomwa na kila mtu anayeshughulika na bandari. Kiongozi wa chama alikuwa Harry Bridges, mzaliwa wa Australia, ambaye alikuwa mstari wa mbele katika mgomo wa 1934. Aliona kuwa mitambo inakuja wapende wasipende, akawashauri makuli waiuze mapema hiyo haki yao ya kuizuia, ingali ina bei. Waajiri walikubali kutoa dola milioni 5 kila mwaka katika mfuko maalumu. Kwa fedha hizo wazee waliweza kustaafu mapema wakiwa na kitu mkononi, na kila kuli aliyeandikishwa kikamilifu akaahidiwa kuwa mashine haitamfukuza. Makuli kwa upande wao waliziachia kanuni za zamani. Paul Hartman aliyechunguza mapatano hayo alitoa kitabu 1969, na habari iliyomo ni kwamba kazi ya kila saa ya mtu iliongezeka sana katika miaka iliyofuata. Watu walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni kwamba kujaza meli hakukuwa tena kufukuza chakula.

Nisimpambe Bridges kupita kiasi. Makuli waliokuwa wameandikwa katika daraja la pili, wakiitwa watu wa B, hawakuwa na ahadi hiyo, na wengi wao walihisi kuwa wakubwa wao wameuza shamba na kugawana fedha bila ya wao. Mapatano yalipofanywa upya 1966 waajiri walipata haki ya kuwaajiri moja kwa moja mafundi wa mitambo, mtu yule yule kila siku, bila ya kupitia ukumbini. Kwa hesabu ya saa ilikuwa busara, kwa kuwa fundi anayeijua winchi yake hufanya kazi vizuri kuliko mgeni. Lakini iliipasua zamu iliyopatikana kwa damu. Manung'uniko yakakua, na 1971 pwani nzima ikagoma kwa zaidi ya siku 100. Ukizigawanya siku hizo kwa zile dakika zilizookolewa na mafundi wa kudumu, sina hakika faida ilibaki kwa nani.

Sasa narudi mtoni. Maghala ya nafaka yana mapatano yao mbali na yale ya mizigo mingine, ingawa chama ni kile kile. Kwa miaka mingi mambo yalikwenda bila kelele. Kisha kampuni ya EGT, ambayo ilikuwa ya ushirika wa Bunge, Itochu na STX Pan Ocean, ilijenga ghala jipya huko Longview kwa dola milioni 200 hivi. Lilikuwa ghala la kwanza la namna hiyo kujengwa Marekani kwa zaidi ya miaka 25. Lilijengwa juu ya ardhi ya bandari ya umma, na makuli wa Longview walishika kuwa mkataba wa ardhi hiyo unawapa kazi wao. Kampuni ilikataa, na 2011 ikaleta watu wa chama kingine kwa njia ya mkandarasi. Mwezi wa Julai watu wapatao 100 walikamatwa ndani ya uzio. Septemba garimoshi la ngano lilizuiwa relini, na alfajiri ya tarehe 8 mamia waliingia ghalani, ngano ikamwagwa chini. Mahakama ilikitoza chama faini ya dola 300,000 na ushei. Ghala zuri kuliko yote ya mto, lenye mitambo mipya kabisa, lilikuwa halijajaza meli hata moja. Mwanzoni mwa 2012 meli ya kwanza ilipotarajiwa, serikali ya Marekani ilijiandaa kuisindikiza kwa mashua za ulinzi wa pwani. Fikiri, msomaji: mashua za ulinzi kwa ajili ya ngano! Gavana wa Washington, Bibi Christine Gregoire, aliwaita watu mezani, na Januari wakapatana. Makuli wa Longview walipata kazi, nao wakakubali masharti yaliyompa mwajiri nafasi kubwa zaidi ya kupanga kazi kuliko ilivyokuwa katika maghala mengine.

Juu ya ile ngano iliyomwagwa nina neno. Babu nilipomsimulia hakufurahi, ingawa moyo wake ulikuwa na makuli. Aliuliza ngano ilikuwa ya nani. Nikasema ya kampuni. Akasema kabla ya kuwa ya kampuni ilikuwa ya mtu aliyeinama.

Masharti ya Longview yakawa mbegu ya ugomvi wa pili, na huu ndio nilioushuhudia. Mapatano ya maghala mengine yalikwisha Septemba 2012. Wenye maghala wakasema: jirani yetu anafanya kazi kwa masharti mepesi, nasi twataka hayo hayo, ama sivyo atatushinda sokoni. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Mapatano ya kazi hushindana kama bei zinavyoshindana, na anayeachia kanuni katika gati moja hajui ameiachia katika magati mangapi. Desemba makuli walipiga kura juu ya toleo la mwisho la waajiri, na karibu asilimia 94 walilikataa. Tarehe 27 Desemba waajiri waliyaweka masharti yao kwa nguvu. Kampuni moja, Temco, ilijitenga na wenzake ikafanya mapatano yake na chama Februari 2013, kazi ikaendelea. Nyingine, United Grain ya Vancouver, iliwafungia makuli wake nje tarehe 27 Februari, ikidai kuwa mmoja wao ameharibu mtambo makusudi, chama kilikana. Tarehe 4 Mei Columbia Grain ya Portland ilifanya vivyo hivyo.

Nilikuwa nikivuka mto kwa basi siku za Jumamosi kwenda kwa jamaa, na mara mbili niliteremka Vancouver kuwatazama wale waliofungiwa nje. Walisimama kando ya njia, watu wa makamo wengi wao, na mabango, na pipa la moto. Mmoja aliniuliza nimetoka wapi. Nilipotaja Mombasa alitaka kujua kama gati letu ni la kina kirefu, nikamwambia neno kilindini lenyewe maana yake ni hiyo. Alifurahi kama mtoto. Nyuma yake mikanda ilikuwa ikizunguka, ikiendeshwa na watu walioletwa kushika nafasi yake. Ukweli usemwe: meli zilipakiwa. Wenye maghala walidhihirisha kwamba mtambo waweza kwenda bila ya wale waliouzoea, na miezi ikapita, mmoja, sita, kumi na mbili. Kama hadithi ingeishia hapo, insha yangu ya mwaka wa kwanza ingekuwa sahihi.

Lakini nafaka ya Marekani haiwezi kuuzwa nje bila ya kukaguliwa na kupimwa rasmi. Huko Vancouver kazi hiyo ilifanywa na wakaguzi wa jimbo la Washington kwa niaba ya serikali kuu. Wakaguzi hao hawakuwa upande wowote wa ugomvi. Walipita katikati ya mabango kwenda kuchota ngano kidogo, kuitazama na kutia sahihi. Walisema wanatishwa njiani. Kwa muda polisi wa jimbo waliwasindikiza, kisha mwanzoni mwa Julai 2014 Gavana Jay Inslee aliwaondoa polisi, na wakaguzi wakaacha kwenda. Ghala likawa na ngano, meli, mikanda na watu wa kuendesha mikanda, lakini sahihi haikuwapo. Mavuno yalikuwa yakiingia. Wakulima walipiga kelele mpaka Washington ya upande wa pili wa nchi. Tarehe 11 Agosti pande mbili zilitangaza kuwa zimeafikiana, na kabla mwezi haujakwisha makuli walikubali kwa kura zaidi ya asilimia 88. Mapatano yalikuwa ya mpaka Mei 2018. Waajiri walipata sehemu ya kanuni walizozitaka; makuli walirudi, na kazi ikabaki yao.

Katika insha yangu nilihesabu tani kwa saa, na mtu ahesabuye hivyo huona kila mtu aliyesimama na kila mkanda uliotulia. Haoni siku ambazo saa zenyewe hazikuwako. Wala haoni mlolongo mrefu wa ridhaa, wa wakaguzi, wa askari, wa watu wa garimoshi, wa gavana anayetaka kuchaguliwa tena, ambao mapatano mazuri huushikilia bila mtu kujua. Ghala lililo na mapatano yanayoheshimiwa halina haja ya kusindikizwa na mashua za ulinzi. Na nikitazama 1960 kando ya 2012 naona tofauti ambayo haimo katika kanuni zenyewe. Waajiri wa 1960 walizinunua kanuni; waliuliza bei yake ni nini, wakaambiwa ni kesho, wakailipa. Waajiri wa 2012 walizitaka kwa sababu jirani alikuwa nazo, wakazichukua kwa nguvu, kisha wakakaa meza moja na watu wale wale baada ya mwaka mmoja na nusu kupotea. Sisemi kuwa kila kanuni ilistahili kudumu. Nasema mtu hawezi kuhimizwa akimbilie mwisho wa riziki yake, na kila mfumo unaomhimiza hivyo hulipa gharama yake mahali fulani, ama katika miguu mizito, ama katika kanuni za ajabu, ama katika pipa la moto kando ya njia.

Bandari yetu nayo ilipitia njia hiyo. Mombasa iligoma Januari 1947, mji mzima, kwa siku 12. Makuli waligoma tena Machi 1955, na Tom Mboya, aliyekuwa kijana bado, akasaidia kupatikana kwa nyongeza ya asilimia 33. Frederick Cooper, katika kitabu chake cha 1987 juu ya makuli wa Mombasa, ameonyesha jinsi serikali ya kikoloni ilivyotaka kumwondoa kibarua wa kutwa na mahali pake kumweka mfanya kazi wa kudumu mwenye kadi na idadi ya siku anazotakiwa kufika. Ilifanya hivyo kwa kutafuta utulivu na upesi, si kwa mapenzi. Nilipomsomea Babu sehemu ya habari hizo alicheka. Alisema kadi mwanzoni aliichukia. Kibarua alikuwa na uhuru mmoja: mvua za masika zikianza alikwenda shambani kwao, Rabai, na hapana aliyemwuliza. Kadi ilimpa kesho, ikamnyima leo. Hata hivyo alipokuwa na watoto wawili aliipenda.

Tangu mwanzo wa karne hii ngano inayofika Kilindini hufyonzwa kutoka melini kwa mtambo na kupelekwa ghalani kwa mkanda. Njia yetu ni ya kushusha, yao ni ya kupakia, lakini mikanda ni ile ile na watu ni wachache vile vile. Kwa zaidi ya miaka 10 Kenya haikupokea ngano ya Oregon, Washington na Idaho, kwa hofu ya ugonjwa wa kuvu. Januari 2020 mataifa mawili yalikubaliana kuifungua njia hiyo, kwa hiyo inawezekana ngano iliyosogezewa bomba na yule bwana wa Vancouver aliyefurahia jina la gati letu imekwisha fika hapa, na kuliwa.

Babu hakuiona siku hiyo, alifariki 2016. Katika kasha lake tulikuta kadi ya bandari, imekunjwa mara nne, na ndani ya mikunjo mihuri ya siku alizofanya kazi. Mingi imefifia. Mwezi mmoja nimeweza kuusoma, na nimeuhesabu mara tatu, kwa kuwa mara ya kwanza sikuamini: siku 11. Nyuma yake, kwa penseli, kwa herufi za Kiarabu alizozizoea, ameandika majina ya meli mbili, na mbele ya jina la pili neno moja, bado.